MREJESHO: Ubuyu wa rangi bila rangi ya dukani

Wakuu, niliwaomba ushauri wa rangi ya asili kwa ubuyu ninaouza hapa Dodoma, nikitaka kuachana na ile nyekundu ya unga. Wateja wangu wengi ni watoto, na nilikosa raha zaidi niliposikia kuwa Januari 2025 Marekani ilifuta ruhusa ya rangi nyekundu namba 3 kwenye vyakula.

Wengi mlisema bitiruti. Inafaa kwenye juisi baridi, ila haivumilii moto. Kwenye shira inayochemka inaelekea kahawia.

Choya (rozela) ndiyo imenikomboa. Nachemsha yale maua makavu kwa maji kidogo, nachuja kwa kitambaa, na maji hayohayo ndiyo napikia shira. Yanakuwa na wekundu uliokolea, karibu na zambarau. Ukishatia ubuyu na kukoroga, rangi inafunguka, kila kokwa linang'aa. Rangi ya choya hupenda uchachu, na ubuyu wenyewe ni mchachu, kwa hiyo vinasaidiana. Magadi usiyakaribishe kabisa, yanaigeuza iwe ya bluubluu.

Shida iliyobaki ni jua letu hili. Ubuyu ukikaa mezani nje unapauka, hivyo nauhifadhi kwenye ndoo yenye mfuniko, kivulini. Wekundu si mkali kama ule wa zamani. Watu wazima wameuliza, watoto wanakula tu.

Dada uliyenitajia choya, Mungu akubariki sana. Sasa nataka ya njano: aliyejaribu bizari ya manjano kwenye ubuyu, ladha yake haizidi?