Nkejje wangu wamezaa watoto wasio na rangi, nifanyeje?

Mfugaji_Jinja: Wakuu, habari za jioni. Nafuga nkejje, samaki wa Ziwa Victoria, wa mapambo hapa Jinja, hao ambao ndugu zetu wa Mwanza huwaita furu. Ninao wekundu na wa bluu. Watoto wa mzao wa kwanza wameanza kukomaa, lakini madume yamekuwa na rangi ya ajabu, si nyekundu si bluu. Tatizo ni chakula? Usingizi sipati.

Binyebwa_Tu: Nkejje akishakaushwa na kuingia kwenye mchuzi wa njugu, rangi haina shida. Mlete Walukuba.

MamaWawili: Kifungua mimba wangu alipougua surua, bibi yake alisaga nkejje akamtilia kwenye uji. Siku hizi kuwapata ni kazi. Walimleta mputa, yaani sangara, ziwani miaka ya 1950, akawatafuna.

Mwalimu_wa_Bayo: Tuache mapishi. Ssebo, wekundu na bluu wanakaa pamoja?

Mfugaji_Jinja: Mimi nimeuliza chakula.

Mwalimu_wa_Bayo: Jibu tu.

Mfugaji_Jinja: Haya. Bwawa moja la saruji nyuma ya nyumba, maji ya ziwani, yana ukijani kidogo. Mabwawa mawili nani atayalipia? Na ni samaki wale wale, majike yao hata huwezi kuyatofautisha.

Mwalimu_wa_Bayo: Si wale wale. Wa bluu hukaa maji ya juu, mwekundu hushuka chini ambako mwanga wa bluu haufiki, na hata macho yao yamepishana. Jike huchagua dume kwa rangi. Maji yakivurugika haoni, anamchukua yeyote, na watoto wanazaa kama kawaida. Ghuba ya Mwanza wataalamu wameyaona hayo: palipochafuka, rangi zinafifia na spishi zinarudi kuchanganyikana. Ziwa hili lilikauka miaka kama 15,000 iliyopita, likajaa tena, wakatokea aina zipatazo 500. Wewe unawarudisha kinyumenyume kwa mfuko wa saruji.

Mfugaji_Jinja: Hata mimi nasoma, mwalimu. Utafiti wa 2017 ulionyesha mababu wa nkejje hawa walikuwa machotara, upande mmoja Kongo, upande mwingine Nile ya juu. Sasa kama uchotara ndio uliowazaa wote, mimi nimeharibu nini? Shida ni mteja tu, ameshatuma nusu ya hela na anataka wekundu halisi. Nafikiria kumpa hawa niseme ni wa Ziwa Malawi, kule wapo wanaofanana na wetu.

Mlokole_Bugembe: Kumbe! Chakula kimeingiaje hapa? Rudisha hela za watu, Mungu anakuona.

Mfugaji_Jinja: Hela ilishanunua pampu.

Mwalimu_wa_Bayo: Kufanana si undugu. Tanganyika kuna samaki wa midomo minene, Malawi naye yupo, ukiwaweka pamoja utasema mapacha. Lakini kila mmoja alipata midomo yake ziwani kwake, kwa kuwa wote hufyonza wadudu kwenye nyufa za mawe. Mnunuzi anayejua samaki hutamdanganya.

Boda_wa_Njeru: Ngojeni kwanza. Mtu hajui kwa nini rangi imepotea, ila utafiti wa 2017 anaujua? Na jina hili hili si ndilo lililoleta uzi wa sungura waliozaa weusi? Hii ni hadithi. Haya, bila kugugo: nkejje jike mwenye mayai unamjuaje?

Mfugaji_Jinja: Anasusa kula. Chini ya taya panavimba, mdomo unachezacheza kama anatafuna na hatafuni kitu, anayageuza mayai humo. Anajitenga pembeni wiki mbili au tatu. Ukimnasa kwa wavu kwa pupa, anayatema yote.

Boda_wa_Njeru: Samaki anao huyu. Na sungura?

Mfugaji_Jinja: Wale walikuwa wa shemeji.

MamaWawili: Banange, shemeji tena!

Binyebwa_Tu: Hao wasio na rangi, kilo shilingi ngapi?