Re: Barabara kuu ya I-70 ilifungwa, biometriki imenipita. Ripoti ya theluji ya mlima inakubalika?

Rehema (Summit County), Jumanne usiku

Habari zenu wote, na shikamooni wakubwa. Leo nilikuwa na biometriki (miadi ya uhamiaji ya kuchukuliwa alama za vidole) saa nne asubuhi upande wa Denver. I-797C, ile barua ya miadi, ninayo, zamu ya hotelini nimeshabadilishana na mwenzangu. Jana utabiri wa kwenye simu ulisema theluji inchi 2 hadi 4, nikatoka saa kumi na moja alfajiri. Kabla sijafika handaki la Eisenhower, taa nyekundu mpaka juu. Lori limejikunja limeziba njia, I-70 ya kwenda mashariki imefungwa. Tumekaa hadi jamaa wa mbele yangu akashuka na fagio la nyumbani, lile la chelewa, akaanza kufagia boneti. Nafungua ukurasa wa mlima wetu wa skii: inchi 11 ndani ya saa 24!

Nikawapigia simu watu wa uhamiaji. Naambiwa ofisi ilikuwa wazi, Denver jua linawaka, kwa hiyo hakuna udhuru wa hali ya hewa. Nikasema nina ripoti ya mlima. Akajibu hilo ni tangazo la biashara la watu wa skii, nitafute ushahidi. Aliyepitia hili anisaidie: ripoti ya mlima inakubalika au haikubaliki? EAD yangu (kibali cha kazi) inaisha karibuni.

Kip (Aurora)

Woiye, pole Rehema. Afadhali wewe ulikuwa na gari ndogo. Sisi tunaobeba hazmat, yaani mizigo ya hatari, hiyo handaki haturuhusiwi, tunapandishwa Loveland Pass, karibu futi 12,000, na kona zenyewe hazina ukuta pembeni. Loveland ikifungwa ndio wanasimamisha magari mengine watupitishe ndani. Juzi nimelala kwa kabini nikila biskuti. Na huyo wa lori nakuhakikishia hakuwa amefunga minyororo. Sheria inasema kuanzia 1 Septemba hadi 31 Mei, I-70 kutoka Dotsero hadi Morrison, lori lazima iwe nayo. Wengi wanaibeba kama mapambo.

Mzee Lameck

Marahaba Rehema. Wanangu, tatizo ni kwamba mnasoma utabiri wa mji. Frisco ni futi 9,000 na kidogo, handaki liko zaidi ya 11,000. Inchi 3 mjini zinaweza kuwa 10 kule juu. Ingia ukurasa wa NWS (idara ya hali ya hewa ya Marekani), ofisi ya Boulder, bonyeza ramani pale pale unapopita, siyo jina la mji, utaona na mwinuko umeandikwa. Na ripoti ya mlima inapimwa alfajiri kabla lifti hazijafunguliwa, kwenye ubao uliofutwa jana yake, mahali palipokingwa upepo. Haisemi theluji ilianguka saa ngapi, na wala haisemi lolote kuhusu barabara. Huyo wa kwenye simu ana hoja, ingawa hakuwa na haja ya kejeli.

Bahati (Avon)

Mzee, heshima kwako, lakini Boulder haihusiki na sisi wote. Eagle County, na Vail ikiwemo, iko chini ya NWS Grand Junction. Watu wakisoma Boulder wakivuka Vail Pass watapotea. Mimi niko kwenye lifti, naona kila siku. Upepo ukitoka kaskazini-magharibi milima inachukua theluji yote, Denver inabaki kavu. Ukitoka mashariki ndipo Denver inazikwa, kama ile ya Machi 2003, zaidi ya inchi 30. Kwa hiyo jua la Denver si ushahidi wa kitu chochote. Anayetaka vipimo visivyo vya biashara kuna SNOTEL, vya serikali, vinapima uzito wa theluji yenyewe.

Mzee Lameck

Bahati, Rehema yuko Summit. Summit ni Boulder. Soma swali kwanza.

Bahati (Avon)

Nimesoma, Mzee. Ni wewe umesema "wanangu".

Neema

Jamani kwani kwa nini hukubadilisha miadi mtandaoni kabla ya saa nne? Akaunti unayo, unabonyeza, unaandika sababu, basi. Mimi nilifanya hivyo nilipojifungua.

Kip (Aurora)

Neema, ule mfumo unakataa zikibaki chini ya saa 12. Na miadi ikishapita haukusaidii, ni simu tu. Usimpotoshe.

Neema

Nilisema nilichofanya mimi. Sikusema ni sheria.

Bi Zuhura (Minneapolis)

Poleni na baridi. Mimi utabiri niliuacha Dar. TMA, wale wa hali ya hewa Tanzania, wakisema "mvua za wastani hadi juu ya wastani" unajua Jangwani patajaa, unapandisha magodoro juu ya kabati, mambo yamekwisha. Huku inchi, futi, asilimia, na bado mtu anakwama barabarani. Siku kama hizi natamani ile mvua ya masika ya jioni, mnakaa barazani mnamenya mihogo, hakuna anayewadai mtoke.

Kip (Aurora)

Bi Zuhura, nyinyi mlikuwa mnaambiwa. Sisi Kenya, Oktoba 2023 rais alitangaza El Niño haiji vile ilivyotabiriwa. Novemba nyumba zinaelea. Kuna mtu aliwajibika? Hakuna.

Bahati (Avon)

Wewe Kip lalamikia mvua. Goma tunalalamikia kila kitu. Uwanja wa ndege ulifungwa Januari 2025 kwa sababu ya vita, mama yangu amezunguka Rwanda kwa basi kufuata dawa, na wale waliokwenda kupiga picha kwenye mazungumzo ya amani Doha wanasema mambo yanakwenda vizuri.

Msimamizi

Siasa pelekeni kwingine tafadhali. Rehema bado anasubiri jibu.

Furaha (Fort Collins)

Rehema, maonyo yote ya NWS, pamoja na saa yaliyotolewa, yanahifadhiwa na chuo cha Iowa State, ukurasa unaitwa IEM, ni bure. Tafuta Summit County na tarehe ya leo. NCEI, kituo cha serikali cha kumbukumbu za hali ya hewa, nao wanatoa rekodi za hali ya hewa zenye muhuri, hizo mahakamani zinapokelewa, ila wanatoza. Kufungwa kwa barabara ni kitu kingine: waandikie CDOT (idara ya barabara ya Colorado) ombi la CORA, yaani la kupewa kumbukumbu za serikali. Picha ya COtrip, ule ukurasa wao wa hali ya barabara, kwenye simu piga siku ile ile, kesho haipo.

Rehema (Summit County)

Asante sana dada Furaha, la IEM nimelipata, onyo limetoka saa tisa usiku na limetaja handaki. Lakini naomba kuuliza tena: kuna aliyewahi kupeleka kitu kama hiki wakampangia tarehe nyingine? Au wanahesabu umeitelekeza kesi?

Neema

Mwenye mwanasheria wa uhamiaji asiyetoza simu ya kwanza anitumie namba pembeni, si kwa ajili ya hili, ni jambo langu.

Kip (Aurora)

Nina matairi manne ya theluji yenye alama ya M+S (matope na theluji), msimu mmoja tu. Nilibadilisha gari. Anayetaka aje Aurora, bei tutaongea.

Bi Zuhura (Minneapolis)

Kip, yanaingia Corolla?