Panya Road kalelewa na nani? Tusiishie kwa mama yake

Wakuu, vijana wa mapanga, wale tunaowaita Panya Road, wakiibuka Dar es Salaam, lawama huwa na anwani moja: wazazi. Januari 2015 watu walifunga maduka na kukimbizana barabarani kwa uvumi tu kwamba Panya Road wanakuja, tukasema wazazi. 2022 nyumba zikavamiwa usiku, na Septemba ya mwaka huo mwanafunzi wa chuo akauawa Kawe. Tukasema tena wazazi, na methali yetu tukaitoa kabatini: asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. (Baba hatajwi humo. Sijui alikuwa wapi siku methali inatungwa.)

Sikatai kwamba malezi yana sehemu yake. Ninachobisha ni hesabu yetu kuishia mlangoni kwa mama.

Hapa uswahilini kwetu kuna mama anakaanga samaki. Saa kumi alfajiri yuko njiani kwenda Feri, soko la samaki, akirudi anaparua, anakaanga, anakaa na meza yake mpaka saa tatu usiku. Watoto wanne, chumba kimoja. Watatu wametulia kabisa, kwa hiyo msiniletee hoja kwamba umaskini peke yake unazaa mwizi. Wa tatu kuzaliwa ndiye aliyeanza kushinda kijiweni baada ya kumaliza la saba. Siku moja akaingia na mtungi wa gesi, akasema kapewa na rafiki anayehama. Mama aliutazama ule mtungi, akautazama mkaa wake, akanyamaza.

Hapo alikosea, na mwenyewe amekiri mbele yetu. Swali la "umeutoa wapi?" lilimfika mdomoni akalimeza.

Lakini sikilizeni kilichofuata. Mtungi wa pili haukufika kwa mama. Uliuzwa mtaani, elfu kumi na tano, na aliyeununua ni mtu mzima, baba wa watoto, anayeongea sana kwenye vikao vya ulinzi shirikishi. Simu zilizofuata zilikwenda kwa fundi, zikafutwa, zikapata wateja siku hiyohiyo. Hakuna aliyeuliza risiti. Dogo wa miaka kumi na tano alijifunza kwetu sisi kwamba mali ya mtu inauzika kabla jua halijazama. Hilo si somo? Na walimu wake si sisi?

Kanuni ya Adhabu inamtia hatiani anayepokea mali ya wizi huku akijua, sawa na inavyomtia hatiani mwizi. Ila kwenye msako tunaona vijana wakipandishwa kwenye difenda, wanunuzi wako barazani wanatazama. Na kibaka akikamatwa na wananchi wenye hasira, wa kwanza kutafuta tairi la kumchomea wakati mwingine ni mteja wake.

Najua mtajibu kwamba zamani mtoto alikuwa wa mtaa mzima, mzee yeyote akikukuta na kitu kisicho chako anakuchapa, kisha anakupeleka kwenu ukachapwe tena. Kweli. Ila mzee yule alikuwa na haki ya kukuchapa kwa sababu yeye mwenyewe hakuwa akinunua ulichoiba. Leo akikuuliza anataka kujua bei.

Kwa upande wangu, kabla ya kumwita mama wa samaki kwenye ofisi ya serikali ya mtaa aeleze kwa nini mwanawe kaharibika, ningeanza na waliomlipa mwanawe. Wanajulikana kwa majina, mjumbe anawajua.

Mnaosema kosa ni la nyumbani tu, karibuni, nipo. Ila ukija, anza kwa kutuambia simu unayoandikia uliinunua na boksi lake, au ulipewa bei ya kishkaji ukaona usiulize mengi?