Pwani ya Kenya: wilaya saba, kumi na tatu au kaunti sita? Naomba msaada wa takwimu na ofisi

MkingaMpakani
Habari zenu wakuu. Tunaandaa kijitabu cha vikundi vya wavuvi wa pande mbili za mpaka, huku Mkinga mkoani Tanga na kule Vanga na Shimoni. Sura ya upande wetu imeisha: mkoa una halmashauri 11 na watu 2,615,597 kwa sensa ya 2022, na ngazi zake tunazijua. Sura ya Kenya imekwama. Chanzo kimoja kinasema Mkoa wa Pwani una wilaya saba, kingine 13, kingine kaunti sita, na nyaraka za uvuvi zinataja kaunti tano. Idadi ya watu nayo inabadilika kila ninapofungua ukurasa mpya. Na kubwa kuliko yote: kikundi cha wavuvi kikitaka soko la samaki lenye barafu, barua inakwenda kwa nani? Mbunge, chifu, gavana? Huku kwetu ningeanza na mtendaji wa kata na diwani. Sitaki kuwapotosha watu.

NyikaHadiBahari
Ndugu, vyanzo vyako vyote vinne ni vya kweli, ila kila kimoja ni cha wakati wake au cha kazi yake.

Wilaya saba ndizo zilizokuwapo wakati wa sensa ya 1999: Mombasa, Kwale, Kilifi, Malindi, Tana River, Lamu na Taita Taveta. Wilaya 13 ni za sensa ya 2009, baada ya serikali kuzikatakata (Kwale peke yake ilitoa Kinango na Msambweni). Katiba ya 2010 ikarudi kwenye orodha ya wilaya za kisheria za mwaka 1992, ndiyo maana Malindi, iliyokatwa baadaye, ilirudi ndani ya Kilifi na haikupata kaunti yake. Mkoa wenyewe ulikoma kuwa ngazi ya utawala uchaguzi wa Machi 2013 ulipozaa serikali za kaunti. Leo "Pwani" ni jina la ukanda. Kaunti zake zina namba rasmi 001 hadi 006 kwa mpangilio huu: Mombasa, Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu, Taita Taveta.

Zile tano za nyaraka za uvuvi ni zenye bahari. Taita Taveta haina hata hatua moja ya ufuo. Sehemu yake kubwa ni hifadhi ya Tsavo, na watu wamejazana kwenye milima ya Taita, Voi na Taveta. Usiiondoe kwenye kijitabu kwa sababu hiyo, maana sehemu ya maji ya Mombasa inatoka huko. Chemchemi za Mzima ziko ndani ya Tsavo Magharibi. Mombasa haina chanzo kikubwa cha maji ndani ya mipaka yake: inategemea Mzima, Baricho iliyo kando ya mto Sabaki katika Kilifi, na Marere na Tiwi huko Kwale. Ndiyo maana suala la maji huzua mvutano baina ya kaunti kila mwaka, na ndiyo maana maji ya jumla yako chini ya wakala wa serikali kuu huku kampuni za kaunti zikisambaza majumbani.

Kwa wavuvi, jiografia iandike hivi. Kutoka mpaka wenu hadi Malindi, kama km 200, mwamba wa matumbawe unaambaa na ufuo karibu bila kukatika, isipokuwa kwenye milango ya mito na mikono ya bahari. Wavuvi wa mitumbwi na ngalawa hushinda ndani ya mwamba. Kuanzia Malindi kuelekea ghuba ya Ungwana hali hugeuka: Sabaki na Tana humwaga matope, matumbawe hayastahimili, chini ni tope na mchanga, na hapo ndipo penye kamba na meli za kokota. Ukipanda hadi Lamu unakuta visiwa na mikoko, zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya. Kanuni ya nyavu inayofaa Shimoni haitafaa Kipini.

Watu, sensa ya Agosti 2019:
Mombasa 1,208,333
Kwale 866,820
Kilifi 1,453,787
Tana River 315,943
Lamu 143,920
Taita Taveta 340,671
Jumla 4,329,474, kutoka 3,325,307 mwaka 2009.

Wastani wa ukanda mzima hauna maana yoyote, nakusihi usiuweke. Mombasa ina kama watu 5,500 kwa kilomita ya mraba, Kwale 105, Kilifi 116, Lamu 23, Tana River 8. Lamu ndiyo iliyokua kwa kasi zaidi, karibu asilimia 42 katika miaka kumi, na Taita Taveta ndiyo ya polepole, chini ya asilimia 20.

AfisaWaWadi
Nichukue swali la barua, kwa sababu hapo ndipo vikundi vingi hupoteza mwaka mzima.

Kenya kuna serikali mbili ndani ya kaunti moja na hakuna iliyo bosi wa mwenzake. Upande wa serikali kuu yupo kamishna wa kaunti, naibu kamishna katika kaunti ndogo, kamishna msaidizi, chifu wa lokesheni, naibu chifu wa sublokesheni, na chini kabisa wazee wa vijiji. Hawa wanateuliwa au kuajiriwa. Kazi yao ni usalama, vitambulisho na uratibu wa kazi za serikali kuu. Upande wa serikali ya kaunti yupo gavana aliyechaguliwa, mawaziri wa kaunti, maafisa wakuu wa idara, msimamizi wa kaunti ndogo na msimamizi wa wadi. Bunge la kaunti lina wawakilishi wadi. Kwa hiyo diwani wenu analingana na mwakilishi wadi, mtendaji wa kata analingana na msimamizi wa wadi, na mkuu wa wilaya anakaribiana na naibu kamishna wa kaunti. Tofauti iliyopo ni kwamba gavana amepigiwa kura na ana bajeti yake. Mkuu wa mkoa kwenu anateuliwa na Rais.

Soko la samaki na mtambo wa barafu ni kazi ya kaunti, kwa kuwa Jedwali la Nne la Katiba limeweka masoko na uvuvi wa kaunti huko. Mbunge hahusiki. Hazina ya eneobunge, NG-CDF, hujenga madarasa na vituo vya usalama, na ukimwandikia kuhusu barafu atakuelekeza kwa kaunti miezi mitatu baadaye. Chifu naye mpe nakala tu.

Barua iandikwe kwa afisa mkuu wa idara inayosimamia uvuvi, kupitia msimamizi wa wadi, nakala kwa mwakilishi wadi na karani wa bunge la kaunti. Ambatisheni cheti cha usajili wa BMU (kikundi cha usimamizi wa ufuo), kumbukumbu za kikao kilichopitisha ombi zikiwa na sahihi, idadi ya vyombo na wavuvi waliosajiliwa, makadirio ya kilo zinazoshuka kwa siku kwa msimu wa kusi na wa kaskazi kando kando, na uthibitisho wa umiliki wa kiwanja. Hicho cha mwisho ndicho kinachoua maombi. Fukwe nyingi za Kwale na Kilifi zina hati za watu binafsi hadi karibu na maji, na kaunti haiwezi kuweka fedha za umma juu ya ardhi isiyo ya umma. Kabla ya kuandika chochote, fanyeni upekuzi kwenye ofisi ya ardhi kwa namba ya kiwanja. Kama bandari ya kushushia samaki haijatengwa rasmi, ombi la kwanza liwe kuitenga, jengo litafuata.

Tarehe nazo muhimu. Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa kwenye bunge la kaunti kabla ya 1 Septemba, taarifa ya mkakati wa fedha kabla ya 28 Februari, makadirio ya bajeti kabla ya 30 Aprili. Ombi linaloletwa Mei limeshachelewa. Lenye nguvu ni lile linalofika Julai au mwanzoni mwa Agosti, ili mradi uingie kwenye mpango wa mwaka ukiwa na jina lake na wadi yake. Mradi usio kwenye mpango hauwezi kupata fedha hata gavana akiahidi jukwaani. Angalieni pia kama umetajwa kwenye mpango wa miaka mitano wa kaunti, wa sasa ni 2023 hadi 2027.

Kama mtafanya mkutano wa hadhara upande wa Kenya, taarifa iende kwa mkuu wa kituo cha polisi si chini ya siku tatu na si zaidi ya siku 14 kabla.

MkingaMpakani
Ahsanteni sana, nimepata mwanga mkubwa. Sasa nataka idadi ya watu ya wadi ya Vanga na ya Pongwe/Kikoneni peke yake. Nimefungua ripoti ya sensa, naona kaunti ndogo na lokesheni, wadi hazipo. Nachukua kaunti ndogo ya Lunga Lunga nigawanye kwa wadi nne?

TakwimuMwambao
Usigawanye, mkuu. Wadi hazikukatwa sawasawa, na namba itakayotoka haitakuwa ya mtu yeyote.

Sensa huhesabu kwa ngazi za serikali kuu: kaunti, kaunti ndogo, lokesheni, sublokesheni. Wadi na maeneobunge ni mipaka ya tume ya uchaguzi. Ngazi hizo mbili hazifanani hata pale majina yanapofanana. Maeneobunge ya Kwale ni manne (Msambweni, Lunga Lunga, Matuga, Kinango), lakini sensa ya 2019 ina kaunti ndogo tano kwa sababu imetenga Samburu ya Kwale, ambayo usiichanganye na Kaunti ya Samburu iliyo kaskazini. Kilifi ina maeneobunge saba na kaunti ndogo za sensa tisa. Chonyi na Kauma ndizo zilizoongezeka.

Fanya hivi. Chukua Juzuu ya Pili ya sensa ya 2019 kutoka KNBS (ofisi ya takwimu ya Kenya), ile ya ngazi za utawala, maana Juzuu ya Kwanza inaishia kaunti ndogo. Kisha chukua tangazo la mipaka la Machi 2012: kila wadi imeandikwa pamoja na sublokesheni zinazoiunda. Tafuta sublokesheni za Vanga moja moja kwenye Juzuu ya Pili, ujumlishe. Tatizo utakalokutana nalo ni sublokesheni zilizozaliwa baada ya 2009. Tangazo linataja sublokesheni moja, sensa inaonyesha mbili zenye majina tofauti. Hapo linganisha eneo kwa kilomita za mraba: kama jumla ya eneo la hizo mbili mpya inakaribia eneo la ile ya zamani, umezipata. Isipokaribia, uliza ofisi ya naibu chifu, atakutajia vijiji vyake.

Mwisho, hakikisha wadi zote nne za Lunga Lunga zinarudi kwenye jumla ya eneobunge. Kama kuna pengo, ama sublokesheni imerukwa ama imehesabiwa mara mbili.

Kulinganisha 2009 na 2019 kwa ngazi ya chini kuna mtego mwingine. Lunga Lunga ilikatwa kutoka Msambweni mwaka 2012, Nyali kutoka Kisauni, Jomvu kutoka Changamwe. Ukiweka Kisauni ya 2009 kando ya Kisauni ya 2019 (watu 291,930) utaandika kwamba watu wamehama, kumbe 216,577 wamehesabiwa Nyali. Jumlisha Kisauni na Nyali kwanza.

Pia usichukulie kwamba mipaka hii inafuata watu. Lamu Mashariki ilikuwa na watu 22,258 mwaka 2019, chini ya sehemu moja ya kumi ya Kisauni, na kila moja ina mbunge mmoja. Katiba inataka mipaka ipitiwe kila baada ya miaka 8 hadi 12. Muda wa mwisho ulikuwa Machi 2024, na ukapita tume ikiwa haina makamishna.

NyikaHadiBahari
Niongeze ya mipaka kwa msomaji wa kijitabu. Mtwapa si Mombasa: ukivuka daraja la mkono wa bahari uko Kilifi Kusini, na leseni ya duka inalipwa kaunti ya Kilifi. Likoni ni Mombasa ingawa iko bara ya kusini. Kwale inaanza Ng'ombeni. Mackinnon Road ni wadi ya Kinango, lakini Taita Taveta nayo inaidai, kwa hiyo usichore mstari mnene hapo kwenye ramani.

Na kwa wavuvi wa Shimoni weka wazi mpaka wa baharini: hifadhi ya Kisite ni marufuku kuvua kabisa, ilhali Mpunguti iliyo jirani inaruhusu uvuvi wa asili. Zote mbili zinasimamiwa na KWS, shirika la wanyamapori la serikali kuu. Mwakilishi wadi hawezi kutoa ruhusa huko, na ofisi ya uvuvi ya kaunti haiwezi pia.