Wakuu naomba ushauri: funguo za ankara zinagongana kati ya duka la Kariakoo na la Mbagala

Kijana_wa_Sinza

Wakuu, habari za jioni. Hii ni wiki ya pili nimekwama, naomba mnisaidie.

Natengeneza mfumo wa mauzo wa bosi mmoja wa vifaa vya umeme. Ana duka Kariakoo, Mtaa wa Narung'ombe, na jingine Mbagala Rangi Tatu. Natumia Java: Spring Boot 3, Hibernate (inayohamisha vitu vya Java kwenda kwenye majedwali) na PostgreSQL (databesi yenyewe). Kila duka lina kompyuta yake na databesi yake, maana intaneti ikikatika huwezi kumwambia mteja aliyefuata mzigo wa kupeleka Kilwa asubiri mtandao urudi. Usiku, Mbagala inatuma mauzo ya siku kwenye kompyuta ya Kariakoo.

Funguo msingi zote (namba zinazotambulisha kila rekodi) nimeiachia databesi izihesabu yenyewe, yaani GenerationType.IDENTITY. Kwa hiyo ankara ya kwanza Mbagala ni 1, na ya kwanza Kariakoo pia ni 1. Juzi najaribu kuunganisha, ankara 412 ya Mbagala (waya wa milimita 2.5, roli sita) ikaenda kuifunika 412 ya Kariakoo, ambayo ni taa za mteja mwingine kabisa. Nashukuru Mungu nilikuwa kwenye nakala ya majaribio. Ingekuwa databesi yenyewe, deni la mtu lingepotea.

Jambo la pili: mistari ya ankara (bidhaa moja moja zilizomo ndani yake) inahifadhiwa lakini safuwima ya ankara_id iko tupu. Halafu limezuka jedwali linaitwa ankara_mistari ambalo mimi sijalitengeneza.

La tatu si kubwa sana. Kuingiza orodha ya bidhaa 9,000 kutoka Excel, kazi inayofanyika Kariakoo tu kisha Mbagala inapokea nakala, kunachukua muda mrefu mno.

Nawasilisha.

FundiSeva_TZ

Mkuu, weka hapa jinsi ulivyoandika uhusiano wa Ankara na mistari yake. Hilo jedwali lililozuka nahisi nalijua.

Kijana_wa_Sinza

Hivi hapa mkuu. Kwenye Ankara:

@OneToMany(cascade = CascadeType.ALL)
private List<Mstari> mistari = new ArrayList<>();

Na kwenye Mstari:

@ManyToOne
private Ankara ankara;

Kuhifadhi, naita ankara.getMistari().add(mstari) kisha save.

FundiSeva_TZ

Ndiyo lenyewe. Wewe unaona uhusiano mmoja wenye pande mbili. Hibernate inaona mahusiano mawili yasiyojuana. Orodha iliyo kwenye Ankara haijaambiwa ufunguo wa kigeni (safuwima inayoonyesha mstari ni wa ankara ipi) unakaa wapi, kwa hiyo imejitengenezea jedwali la kati la kuunganishia. Ile ankara iliyo kwenye Mstari nayo ina safuwima yake, ankara_id, ambayo hakuna mahali popote umeijaza, kwa kuwa umeongeza kwenye orodha tu.

Mwenye uhusiano ni yule anayebeba safuwima ya ufunguo wa kigeni. Hapa ni Mstari. Kwenye Ankara andika:

@OneToMany(mappedBy = "ankara", cascade = CascadeType.ALL, orphanRemoval = true)

Halafu usimwachie mtu kuongeza kwenye orodha moja kwa moja. Tengeneza mbinu ongezaMstari ndani ya Ankara, ifanye mambo mawili: mistari.add(m) na m.setAnkara(this). Ukisahau hilo la pili, safuwima itabaki tupu hata ukiwa na mappedBy, kwa sababu Hibernate inaandika kile kilichoko upande wa mwenye uhusiano.

Hakikisha pia umezima ddl-auto=update, inayoiruhusu Hibernate kubadilisha majedwali yenyewe, kwenye kompyuta za dukani. Ndiyo iliyokutengenezea jedwali bila kukuuliza. Muundo wa majedwali uandike mwenyewe na uhifadhi kila badiliko kwenye faili lake.

Ubungo_Dev

Kuhusu funguo kugongana, suluhisho ni rahisi. Kariakoo hesabuni witi: 1, 3, 5. Mbagala hesabuni shufwa: 2, 4, 6. Hazikutani milele.

BintiTemeke

Kaka Ubungo, hapo umemsaidia kwa maduka mawili. Bosi akifungua la tatu Tegeta atafanyaje? Mimi nimeshapita njia hiyo kwenye mfumo wa maghala. Siku ghala la tatu lilipofunguliwa, tulikesha tukibadilisha namba.

Kijana wa Sinza, kabla ya kuchagua aina ya ufunguo, chukua karatasi uandike majedwali yako yote, na mbele ya kila jedwali andika rekodi zake zinazaliwa wapi. Bidhaa, kwa unavyoeleza, zinaingizwa Kariakoo tu kisha Mbagala inapokea nakala. Hizo hazina wa kugombana naye, namba za kawaida zinatosha. Ankara, mistari na malipo vinazaliwa kila duka, tena hata mtandao ukiwa haupo. Hivyo vinahitaji ufunguo ambao duka linaweza kujipa bila kumwuliza mtu yeyote, na hapo jibu ni UUID, kitambulisho kirefu ambacho kila kompyuta inajitengenezea bila kugongana na nyingine.

UUID ni biti 128, yaani baiti 16 dhidi ya 8 za namba ya kawaida (bigint). Kwa duka, tofauti hiyo haikuumizi. Ila ihifadhi kwa aina ya uuid iliyomo ndani ya PostgreSQL, usiiweke kama maandishi ya herufi 36. Na kama unaweza, tumia toleo la 7, lililowekwa kwenye waraka wa viwango vya intaneti RFC 9562 mwaka 2024. Toleo la 4 ni la kubahatisha tupu, kila rekodi mpya inaangukia popote kwenye indeksi (orodha ya kutafutia ya databesi). Toleo la 7 linaanza na biti 48 za saa kwa milisekunde, kwa hiyo rekodi mpya zinafuatana.

Kijana_wa_Sinza

Dada nashukuru sana. Wasiwasi wangu: kompyuta ya Mbagala betri yake ya ndani imekufa. Umeme ukikatika, saa inarudi miaka ya nyuma. Hapo UUID si zitajirudia?

BintiTemeke

Hazitajirudia, kwa sababu baada ya saa kuna biti 74 ambazo karibu zote ni za kubahatisha. Utakachopoteza ni mpangilio tu. Lakini hiyo betri inunue kesho asubuhi, hapo Kariakoo zimejaa. Tarehe ya ankara ikiwa ya uongo, hesabu za bosi zinaharibika hata kama funguo ziko salama.

Mzee_wa_Majedwali

Kijana, nikuongezee sababu ya 412 kuifunika 412, usije ukaikuta tena kwa sura nyingine. Mbinu ya save ya Spring Data (sehemu ya Spring inayohifadhi rekodi) ikiona ufunguo umejazwa, na hakuna safuwima ya toleo la rekodi (@Version), inachukulia kwamba rekodi ni ya zamani, kwa hiyo inaita merge. Merge inakwenda kutafuta 412, inaikuta, inaandika juu yake. Mfumo ulifanya ulichouagiza.

Ukihamia UUID unayojipa mwenyewe ndani ya Java, tabia hiyo inabaki: kwa kila rekodi itatangulia SELECT ya kuangalia kama ipo, ndipo iingize. Kwa hiyo ondoa @GeneratedValue (agizo la kutengenezewa ufunguo) kwenye Ankara, ufunguo utoke pale kitu kinapoundwa, na klasi itekeleze Persistable ili useme wazi kupitia isNew kwamba hii ni mpya. Ikitokea ankara imetumwa mara mbili, databesi itaikataa ya pili badala ya kuandika juu kimyakimya. Mimi nataka kosa linipigie kelele.

Zile bidhaa 9,000 zinakwenda polepole kwa ajili ya IDENTITY hiyohiyo. Namba inajulikana baada tu ya rekodi kuingia, kwa hiyo Hibernate haiwezi kuzikusanya ikazituma kwa mafungu. Ni safari 9,000 moja moja. Tumia SEQUENCE, yaani sikwensi, kaunta ya databesi inayotoa namba kabla rekodi haijaingia, yenye allocationSize ya 50 (namba 50 kwa mkupuo), weka hibernate.jdbc.batch_size 50 na order_inserts iwe true. Hibernate itafuata namba kwenye databesi kama mara 180 hivi. Sikwensi uliyoiunda kwa mkono lazima nayo iwe INCREMENT BY 50, la sivyo programu itagoma kuwaka ikilalamika kwamba hesabu hazilingani.

FundiSeva_TZ

Nami niongeze hili kwa uchungu. CascadeType.ALL, inayofanya unachoifanyia rekodi moja, hata kuifuta, kiifikie na ile iliyounganishwa nayo, iache kwenye mistari ya ankara tu. Niliwahi kuiweka kwenye @ManyToOne kutoka ankara kwenda kwa mteja, na mteja naye nikamwekea kwenda kwenye ankara zake. Mhasibu akafuta ankara moja iliyokosewa. Akaondoka mteja, na ankara zake zote za mwaka zikamfuata. Tuliziandika upya kutoka kwenye vitabu vya risiti, siku nne.

Mama_wa_Hesabu

Mimi si mtaalamu wa programu, ni mhasibu, ila naomba msinisahau. Hiyo UUID msinichapie kwenye ankara. Mteja akipiga simu anataka kusema namba fupi.

BintiTemeke

Sahihi kabisa mama. Namba ya ankara iwe safuwima yake yenyewe, mfano MBG-00412, yenye sharti la upekee. Wala usiichukue kwenye sikwensi, kwa sababu muamala wa databesi (hatua zinazoingia zote pamoja au zisiingie kabisa) ukivunjika namba hairudi na utabaki na mapengo ya kumweleza mkaguzi. Weka jedwali dogo la kuhesabia kwa kila duka, ulifunge (lock) ndani ya muamala uleule wa ankara.

Kijana_wa_Sinza

Nimebadilisha uhusiano na lile jedwali la kati limeondoka. Bidhaa zote zimeingia kabla sijamaliza chai. Limebaki moja: ankara za zamani ambazo tayari zina namba zinazofanana, nizihamisheje?

Mzee_wa_Majedwali

Fanya ndani ya kila duka kabla ya kuunganisha, maana humo 412 bado ni moja. Chukua nakala ya akiba kwanza. Ongeza safuwima ya uuid kwenye ankara, ijaze kwa gen_random_uuid(), iko ndani ya PostgreSQL tangu toleo la 13. Ongeza nyingine kwenye mistari na malipo, uzijaze kwa kuoanisha namba ya zamani. Hesabu mistari na malipo yasiyopata ankara yake: ikiwa sifuri, badilisha funguo. Namba ya zamani usiifute, ndiyo itakuwa MBG-00412 ya mama hapo juu.

Kijana_wa_Sinza

Nimeelewa mzee. Mbagala wanafunga saa 2 usiku, nipo njiani na betri mkononi.