Naombeni ushauri wa haraka: digrii ya asosieti ya uhasibu kwa onlaini, nichukue A.S. au A.A.S.?

Binti_Leja: Wakuu habarini. Niko huku Marekani kwa grini kadi, nalea wazee shifti ya usiku, mgongo umeanza kukataa. Nimeamua kusoma uhasibu onlaini komyuniti koleji, ile ya miaka 2, kredi 60. Chuo kina A.S. na A.A.S. na masomo naona karibu ni yale yale, uhasibu wa fedha, uhasibu wa menejimenti, kodi, mishahara, Excel, QuickBooks. Nataka nianze moja kabisa. Ipi ina ajira? Na waajiri wanaidharau ya onlaini? Madarasa yanaanza Jumatatu, usingizi sipati.

Mzee_wa_Shifti: Dada pole na kazi. Ya onlaini haina shida, kitu cha kuangalia ni ithibati, wizara ya elimu ya Marekani ina orodha yake ya wazi, ingiza jina la chuo uone. A.S. imetengenezwa kwa mtu atakayehamia chuo kikuu akamalizie digrii ya kwanza, A.A.S. ni ya kuingia kazini moja kwa moja na ukitaka kuhamia baadaye kredi nyingine zinakwama. Ukiota CPA, ile leseni ya mhasibu wa hapa, ujue majimbo mengi yamezoea kudai kredi 150 ingawa kadhaa yameanza kulegeza, sasa 60 ni mwanzo tu.

Kibuyu: Mnapenda sana karatasi. Mimi nilikuja hapa na vyeti vimejaa begi, leo naendesha lori na nyumba nimejenga kwetu. Shemeji yangu kasoma hiyo hiyo asosieti, sasa hivi anaingiza ankara za watu kwenye kompyuta kutwa nzima. Jifunze lori dada.

Mama_Wawili: Kibuyu kaulizwa uhasibu anajibu lori 😂 Dada usikate tamaa, mimi nilisoma onlaini watoto wadogo, mtihani unafanya kamera imewashwa, ukigeuza shingo tu mfumo unakuandikia, mdogo wangu aliingia chumbani kuomba chaja nikaitwa kujieleza. Ila omba Mungu na upange muda, wanawake wengi tunaanza kwa kelele tunaishia katikati.

Nyota_Tulivu: Binti_Leja, ada analipa nani? Na nyumbani uliishia kiwango gani?

Binti_Leja: Nilijaza FAFSA, ile fomu ya serikali ya kuomba msaada wa ada, nimepata Pell, hela ambayo hairudishwi. Nyumbani nilisoma kidogo. Naomba turudi kwenye A.S. na A.A.S.

Nyota_Tulivu: Kidogo ndiyo kiasi gani mdogo wangu? Siulizi kwa ubaya, jibu la swali lako liko hapo.

Binti_Leja: Haya. Nina BCom, digrii ya kwanza ya uhasibu ya chuo kikuu kule nyumbani, na nilifanya kazi ya uhasibu miaka kadhaa. Lakini hapa nimetuma maombi mpaka nimechoka, hakuna anayeitambua, ndiyo maana naanza upya. Mtu aliyenisaidia kujaza fomu alisema digrii ya nje haihesabiki, niweke kwamba sina. Yeye kasaidia wengi na wote wanasoma.

Nyota_Tulivu: Inahesabika. Pell ni ya mtu ambaye hajapata digrii ya kwanza, na hawajali ni ya nchi gani. Fomu yenyewe imeandika kabisa kwamba ukitoa taarifa za uongo kwa makusudi unaweza kutozwa faini hadi dola 20,000, au kufungwa, au vyote. Hela bado haijatoka?

Binti_Leja: Inatoka wiki ya pili. Sasa dada, nikirekebisha nikakosa hela nani atanilipia? Sijaiba. Mimi nahitaji kitu kimoja, somo la kodi za Marekani, na jina la chuo cha hapa kwenye sivii.

Mkaguzi_Kivuli: Ngoja kwanza. Asubuhi "nianze moja kabisa", jioni mhasibu wa miaka kadhaa. Mtu mwenye BCom haulizi tofauti ya A.S. na A.A.S. kama mtoto wa sekondari. Uzi wa kutunga huu, kesho ataleta link ya "chuo".

Mama_Wawili: Hata mimi nilishangaa wiki ya pili na Jumatatu...

Kibuyu: Nilijua tu 😂

Binti_Leja: Nitunge ili nipate nini? A.A.S. kwetu haipo, ningeijuaje?

Mkaguzi_Kivuli: Basi jibu. Mashine dola 10,000, miaka 5, mabaki 1,000. Uchakavu wa mwaka wa pili?

Binti_Leja: Mstari nyoofu 1,800 kila mwaka. Ukitumia salio linalopungua kwa maradufu mwaka wa kwanza 4,000, wa pili 2,400, na mabaki huyagusi mpaka mwishoni. Debiti gharama ya uchakavu, krediti uchakavu limbikizi. Nimeridhisha?

Mkaguzi_Kivuli: Hata simu inajibu hayo.

Mzee_wa_Shifti: Mkaguzi acha, hiyo ya mabaki mtu wa kubahatisha haikumbuki. Dada, kesho asubuhi ukitoka kazini piga ofisi ya msaada wa fedha hapo chuoni, waambie fomu ina kosa unataka kuirekebisha. Inarekebishika, na ni rahisi zaidi kabla hela haijatoka.

Nyota_Tulivu: Na asosieti ya nini wewe? BCom yako ipeleke ikatathminiwe somo kwa somo, WES au taasisi nyingine ya NACES, chama cha wanaotathmini vyeti vya nje, ukilenga CPA uliza kwanza bodi ya jimbo lako inakubali tathmini ya nani maana nyingine zinataka ya NASBA, umoja wa bodi za uhasibu. Somo la kodi chukua peke yake hapo hapo komyuniti koleji bila kujiandikisha digrii, lipia mwenyewe kredi chache. Halafu kuna mtihani wa IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, wa wakala wa kodi, sehemu 3, haudai digrii yoyote.

Binti_Leja: Huo mtihani siujui kabisa. Ila tathmini niliogopa, chuo changu transkripti ni kufuata mtu dirishani, na hao wanataka itoke chuoni moja kwa moja. Kuna aliyewahi kutumiwa kutoka nyumbani bila kwenda mwenyewe?

Mama_Wawili: Mimi. Kaka yangu alikwenda na barua yangu ya idhini na kopi ya pasi, ofisi ya msajili wakafunga bahasha wakagonga muhuri kwenye mkunjo wakaituma wenyewe. Nikupe mfano wa barua?

Binti_Leja: Nipe dada. Na ofisi ya fedha nitapiga, ila nisemeje jamani, nianze na lipi?