Tupeane uzoefu: osileta kwenye simulesheni, usahihi mnaweka kiasi gani?

Mkondo_Geu: Wakuu, habari za jioni. Wiki nzima nimehangaika na Colpitts (aina ya osileta, yaani sakiti inayojizalishia wimbi) ya koili ya maikrohenri 10 na kapasita mbili za nanofaradi 1. Kwa hesabu ni kama MHz 2.25, lakini LTspice, programu ya kuigiza sakiti, inanipa mstari mnyoofu. Kumbe programu huanza kwa kutafuta hali ya utulivu, na ikiipata inaganda hapohapo, maana ndani yake hakuna ile kelele ndogo inayoamsha sakiti halisi. Nikafanya umeme upande kuanzia 0, ikaamka. Nyie wenzangu yaliwakuta yapi?

Koili: Yangu iliamka vizuri, kisha ikafifia taratibu. Nikabadilisha transista, nikaongeza geini, wapi! Rafiki akanishauri nibakize koili na kapasita tu, nizipe chaji. Bila rezista wimbi halina sababu ya kupungua, ila langu lilipungua. Programu ina njia kadhaa za kukokotoa wimbi hatua kwa hatua; nilikuwa nimechagua ya Gear, na hiyo hula nguvu ya wimbi, hasa hatua za muda zikiwa ndefu. Nikarudi kwenye njia ya trapezoida, likatulia.

FundiSaa: Trapezoida nayo ina lake, ndugu yangu: wimbi halifi, lakini linachelewa. Nilikuwa na kristali ya saa ya mkono, Hz 32,768, nikaweka hatua 100 kwa kila mzunguko nikidhani zimezidi. Saa ikawa inapoteza sekunde 28 kwa siku! Siku mbili nzima nabadilisha kapasita za kristali, kumbe kristali haina kosa. Kosa la frikwensi lapatikana hivi: chukua 2π, gawa kwa idadi ya hatua, ipige mraba, gawa kwa 12. Kwa hatua 100 unapata sehemu 329 kwa milioni, wakati kristali za kawaida huuzwa kwa sehemu 20. Hatua 1,000 zinashusha kosa hadi 3.3. Ndiyo maana siitegemei reltol (kiwango cha kosa ambacho programu inaruhusiwa) peke yake. Ukomo wa hatua nauweka kwa mkono wangu.

Mkondo_Geu: Mkuu, hatua 1,000 si utakesha?

FundiSaa: Ningekesha kweli, sekunde 1 tu ni hatua karibu milioni 33. Nimegawa kazi. Nikitaka kujua kama itaamka, naishusha Q ya kristali (kipimo cha jinsi inavyotunza nguvu ya wimbi) na hatua 50 zinatosha. Nikitaka frikwensi, naipa koili ya ndani ya kristali mkondo wa kuanzia ulio karibu na ule wa mwisho, kisha napima mizunguko mia chache iliyotulia.

Dada_Sakiti: Mimi nilikaza kila kitu, reltol nikaishusha hadi 1e-9. Simulesheni ikakwama, ikalalamika hatua ni ndogo mno. Nikarudi 1e-5, ikaenda, lakini spektra (mchanganuo wa frikwensi za wimbi) bado ilijaa uchafu. Tatizo lilikuwa LTspice kubana data za grafu inapozihifadhi! Andika .options plotwinsize=0 kabla ya kuigusa reltol. Faili litakuwa kubwa, andaa nafasi kwenye diski.